Uzi Mwekundu Kwenye Ndoo ya Nondo

Tangu mama mkwe ahamie kwake, fundi cherehani alianza kukuta ndoo yake tupu.

Ndoo hiyo haikuwa ya maji, ilikuwa mtego. Juu alifunga balbu na faneli, ndani akapanga trei za mayai. Nondo, wale vipepeo wa usiku, wakiifuata taa huteleza humo, wakajilalia kwenye vishimo vya trei kama watoto. Alianza siku viwavi walipomaliza kabichi zake, akataka kuwajua wazazi wao. Sasa kabichi alishazisahau. Kila kukipambazuka, mtoto mgongoni, huinua trei taratibu na kuwatambua kwa jicho la kazi yake: huyu Suti ya Kijivu, yule Pindo la Dhahabu, na yule mnene mwenye manyoya mabegani, Koti la Bwana Harusi. Akishawatazama huwakung'utia uani, nao kuku humfuata wakitetea.

"Kuku wangu wananipenda," hujisifu.

Mama mkwe hakuwa na sifa za kutoa. "Watu wanafukuza wadudu, wewe unawawashia taa! Umeme wa mwanangu huo."

Kwa hiyo ndoo ilipoanza kubaki na vumbi la mabawa tu, fundi hakuhitaji mpiga ramli. Kikulacho ki nguoni mwako. Asubuhi kandambili za mama mkwe zimelowa umande, mwenyewe yuko kitandani anakoroma. Mkoromo gani huo, wa kupanda na kushuka kwa mpangilio?

"Umelalaje, mama?"

"Kama jiwe."

Jiwe lenye miguu, fundi akasema moyoni. Akaapa: akimshika tu, atamwambia mumewe ampeleke mama yake akaishi kwa wifi, na hapo hakuna mjadala.

Jioni akaifunga faneli kwenye mkono wa ndoo kwa uzi mwekundu. Asubuhi uzi upo, ila fundo si lake. La kwake huwa dogo, moja. Hili lilirudiwarudiwa, fundo la mtu asiyeona vizuri.

Siku iliyofuata akawahi, akajibanza nyuma ya pipa. Mama mkwe akaja ananyata, akafungua, akachukua trei hadi nyuma ya nyumba. Huko akambandua Koti la Bwana Harusi kwa kidole, akamweka chini ya jani.

"Mama! Kumbe ni wewe!"

"Punguza sauti, utaamsha kuku."

"Kuku wana nini?"

"Wana nini! Wewe unakung'uta, unageuka, unaingia ndani unaimba. Mimi ndiye nabaki dirishani naona. Hawabakizi hata bawa. Ulidhani wanakupenda wewe?"

Fundi akakumbuka asubuhi zote alizokuwa akiwakung'uta. Maskini, Suti za Kijivu zote zile!

"Mbona hukuniambia?"

"Nimewatukana wadudu hawa mbele ya mwanangu, halafu nije kusema nawaonea huruma?" Akasogeza trei karibu na jicho. "Huyu mwenye mstari ni nani?"

Fundi akamtazama yeye, akazitazama kandambili zilizolowa. Mtu aliyeweza kuigiza mkoromo vile, nani ajuaye anaficha nini kingine?

"Pindo la Dhahabu," alisema hatimaye.

Jioni akafunga uzi tena, maana moyo hautulii kwa siku moja. Lakini safari hii alifunga fundo la kitanzi, la kuvuta tu likafunguka, hata kwa vidole vya kizee.