Kaka Amelinywa Jaribio la Fizikia

Ndugu zangu wa barua-pepe, leo hapa Mtopanga kaka yangu amelinywa jaribio la fizikia.

Binti yake Mwanaidi ameitwa chuo kikuu Nairobi. Kaka hataki aende.

Basi tukamwonyesha anachokwenda kusomea. Ughaibuni nilikofundisha fizikia nilikuwa na meza maalumu ya kuzungusha maji. Hapa tulitumia gramafoni. Bakuli la kioo juu yake, sharubati nzito chini, maji juu. Mwanaidi akadondosha rangi ya biriani. Kikazuka kisulisuli kidogo, kikizunguka ndani ya maji bila kuigusa sharubati.

Kaka aliinama akatazama. Nikadhani tumempata.

Akaizima gramafoni, akasema bismillahi, akanywa.

“Sharubati yenu haikukorogwa.”

“Ndiyo fizikia yenyewe, baba.”

Akataka aelezwe. Mwanaidi akaeleza mpaka adhana ya alasiri.

“Huko Nairobi,” kaka akauliza, “bakuli lao ni kubwa?”

Nyinyi mwaonaje, hiyo si ruhusa?