Error yangu ya maneno mawili ilivyomkataa pacha wa Ihumwa

Wakuu, habari za jioni. Hii sijaitia chumvi, na humo ndani mimi ndiye mwenye kosa.

Miaka ya tisini inaishia, wafadhili wanamwaga kompyuta maofisini. Nikapelekwa Dodoma kutengeneza database ya kliniki moja ya watoto.

Sina ndugu, sina jamaa. Nimepanga chumba Area D, Ijumaa jioni mpaka Jumatatu sisemi na binadamu. Upweke ule simwombei mtu.

Sasa, database unaiwekea constraint, yaani sheria ya kuzuia data mbovu. Nikaweka hii: mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, mtoto mmoja. Nilitaka mtoto asiandikwe mara mbili.

Mapacha? Wala hawakunijia kichwani, mjinga mimi.

Ukiivunja, kompyuta inakuletea error, yaani ujumbe wa kukataa: "Violation UQ_07". Basi. Nilizoea kujisemesha mwenyewe, hata error niliziandika za kujisomea mwenyewe.

Miezi miwili baadaye nikapita kwa Mama Neema, karani wetu. Nikamwamkia, nikauliza system inaendaje.

"Nzuri, mwanangu. Ila ilimkataa pacha mmoja wa Ihumwa. Nikatoa kadi moja tu ya kliniki."

"Mama yake alisemaje?"

"Aliuliza, imemkataa yupi? Nikamwonyesha."

Jamani!

"Mbona hukuniita?"

"Wewe huongei na watu, mwanangu. Nikajua mashine imeshasema."

Kesho yake tukaenda Ihumwa, nje kidogo ya mji, na kadi ya pili. Yule mama akatukaribisha vizuri, akatoka na mtoto mmoja, kaogeshwa, kadi yake mkononi, chanjo zote kapata.

Nikauliza mwenzake yuko wapi.

"Yupo ndani. Huyo si mlimkataa?"

Alikuwa hajamleta kliniki tena hata siku moja. Nililia mbele za watu, siwafichi.

Nikamwambia, "Mama, kompyuta haina kosa. Niliyemkataa ni mimi. Naomba nimwone."

Wiki hiyo hiyo alichanjwa. Na error nikaiandika upya: "Mama huyu ana mtoto mwingine wa tarehe hii. Kama ni mapacha, bonyeza N (Ndiyo) uendelee. Ukikwama niite, usimrudishe mtu."

Somo: kabla hujaandika error, jiulize ataisoma nani, na mbele yake kasimama nani anasubiri jibu.

Mliowahi kumrudisha mtu nyumbani kwa code yenu, tiririkeni hapa. Mnaotaka kunichapa, chapeni. Wale mapacha ni watu wazima sasa, na mpaka leo sijapata ujasiri wa kumuuliza yule wa pili kama mama yake aliwahi kumwambia kuwa alikataliwa.