Kubana Mara Kumi

Tangu tarehe 3 Machi 2021, mtafiti wa ghorofa ya pili hospitalini amepima nguvu za mikono ya wagonjwa 412 ambao mafua yaliwaisha lakini uchovu ukagoma kuondoka. Kila mara hukipasha joto kiganjani mwake kwanza kile kipimo cha kubana, kisha huhesabu kwa sauti ya chini, bila kumharakisha mtu. Jana alikuja mwalimu aliyelala kitandani miezi minane, pamoja na mama mkwe wake aliyetaka kumrudisha nyumbani.

“Daktari, usipoteze muda wako. Huyu ni mvivu tu.”

Mtafiti alimkabidhi mwalimu kipimo. Mwalimu alibana kipimo mara kumi, akaanza na kilo ishirini na nne, akaishia tisa.

“Na wewe mama, hebu bana.”

Mama mkwe akaanza na ishirini na sita, akaishia ishirini na tano. “Kumbe bado nimo!”

“Umo, mama. Lakini mtegaji kazi hutega tangu mwanzo. Huyu alianza karibu sawa na wewe, kisha nguvu zikamwisha. Bado kuna kipimo kingine cha kujua kwa nini.”

Mama mkwe alizisoma zile namba mara mbili. “Hicho kipimo kingine ni lini?”

Alhamisi mwalimu atatolewa maji ya uti wa mgongo, ionekane kama mishipa yake ya fahamu imevimba. Mama mkwe ndiye atakayemsindikiza.