Pigo la Nane

Kosa langu la kwanza lilikuwa kurekebisha kitu ambacho hakikuwa kimeharibika. Mjomba alinipa kaseti yake, albamu ya roki ya Waingereza ya miaka ya sabini, niihamishie kwenye kompyuta kabla haijamfia. Mimi, bila kumuuliza, nikaongeza pigo moja kwenye kila mzunguko wa upande wa pili.

Mambo ya sauti nilijifundisha mwenyewe, kwa simu, nikiendesha mitambo ya kwaya yetu ya kanisani, mtaa wa Makole. Kwaya huhesabu nne, au sita. Upande ule wa kaseti ulihesabu saba. Likipita pigo la saba, gitaa na ngoma vinaanza upya kabla hujawa tayari, kama unaposhuka ngazi ukakuta imebaki moja ambayo hukuitarajia. Nikaamini mkanda umeliwa na redio, kwa sababu kila kaseti ya zamani niliyowahi kushika ilikuwa imeliwa mahali. Kwa siku kumi na moja nikawa nakata vipande vya matoazi na kuvipachika pale nilipodhani pana pengo. Nakiri nilijiona nimemsaidia hata mpiga ngoma.

Jumamosi nikampelekea mjomba kwake Zuzu, nje ya mji, anakoishi tangu astaafu kazi ya reli.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya, nioneshe mgonjwa wangu."

Nikaucheza muziki kwenye spika, nikamtazama mguu aliokuwa akipigia mdundo. Upande wa kwanza, ambao sikuugusa, ulimwendea vizuri. Upande wa pili mguu ulianza, ukakosea, ukaanza tena, ukatulia.

"Hawa wamekuwa askari wa gwaride?" akauliza.

"Mkanda ulikuwa unaruka, mjomba. Nikaziba."

"Unaruka wapi?"

"Kila mahali."

"Nimeusikiliza tangu mama yako hajaolewa. Hauruki. Unawahi tu." Akazima spika. "Ile uliyorekodi mwanzo iko wapi?"

Haikuwepo. Nilikuwa nimehifadhi marekebisho juu yake kila siku, ili kompyuta isijae. Karatasi ya kaseti ilishapotea zamani, na hakuna kati yetu aliyejua jina la bendi. Ilibaki kaseti yenyewe, na fundi mmoja wa Kizota aliyeniazima redio ya kaseti alishanionya kwamba mkanda umekauka, huenda usivumilie kuchezwa mara nyingine. Nilimweleza mjomba hayo yote huku nikitazama sakafu.

Alichukua kalamu, akaiingiza kwenye tundu la kaseti, akakaza mkanda taratibu. Nikaunganisha kompyuta na ile redio, ambayo nilikuwa nimekuja nayo.

"Washa," alisema. "Halafu ikalie hiyo mikono yako."

Niliikalia kweli. Upande wa kwanza ukapita salama. Upande wa pili ni wimbo mmoja tu, karibu dakika ishirini. Unaanza na kinanda peke yake, kizito kama cha kanisani, kisha yale mapigo saba yanaingia. Mara mbili mkanda ulilia na gurudumu likasita. Mjomba alikuwa ananong'ona, moja hadi saba, moja hadi saba, kama anayehesabu mabehewa yanayopita.

Hapo ndipo nilipousikia. Pigo la nane halipo kwa makusudi, na kukosekana kwake ndiko kunakousukuma wimbo mbele. Nilikuwa nimewawekea viti watu waliokuwa wanakimbia. Katikati kila kitu kinaondoka, inabaki filimbi, na unamsikia mpigaji akivuta pumzi. Pumzi ile nayo niliwahi kuifuta, nikidhani ni uchafu. Kisha wimbo wa mwanzo unarudi, safari hii polepole, na sauti nyingi juu yake.

Karibu na mwisho sauti ilizama, ukafuata mlio mfupi. Mkanda ulikatika.

"Ilibaki kiasi gani?" mjomba akauliza.

"Sijui. Labda nusu dakika."

"Hiyo ninayo," akasema, akaimalizia kwa kuguna, nje kabisa ya sauti.

Jina la albamu nililipata baadaye. Nakala nzima ipo mtandaoni, na hakuna albamu ninayoipenda kuliko hiyo. Faili ya mjomba bado inakatika palepale. Wasiwasi kwamba kila kitu kina kasoro haujaniisha, lakini siku hizi natunza rekodi ya kwanza pembeni kabla ya kugusa chochote, na nikikuta kitu kinachoonekana kama kosa, namuuliza mwenye nacho kwanza.