Malengelenge ya Ukuta wa Sebuleni

Kila Desemba baba yangu alipaka rangi sebule yetu ya Nakuru kabla wageni wa Krismasi hawajaanza kuingia. Juu ilikuwa rangi ya maji, krimu. Chini, hadi kimo cha kiuno, ilikuwa rangi ya mafuta ya kahawia, ili alama za mikono ya watoto zifutike kwa kitambaa. Mtaa mzima ulipaka hivyo na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Miaka mitatu mfululizo, kabla hata ya Pasaka, ukuta wa upande wa jikoni ulitoa malengelenge kwenye ile kahawia. Ukilibonyeza moja, rangi ilibanduka kipande kizima, na chini yake palikuwa na unga mweupe kama chumvi.

Mimi ni mjuaji. Nilikuwa nimesoma mambo ya rangi kwenye simu, katika chumba changu cha kupanga huko Naivasha. Ikikuachia unga mkononi, ilizidishiwa maji. Ikibanduka, ilipakwa juu ya vumbi. Ikikunjamana, mkono wa kwanza wa rangi haukukauka kabla ya wa pili. Krismasi iliyopita, mbele ya shemeji zake na sahani za chapati, nilimsomea baba hayo yote.

"Hukukwangua vizuri, Baba. Una haraka."

Wageni wakacheka. Baba, aliyepaka mabehewa ya reli miaka na mikaka, alisema chai inapoa.

Mwaka huu magoti yake yamekataa ngazi, kwa hiyo nilileta fundi wa rangi kutoka mtaa wa Kaptembwo. Hakufungua hata mkebe. Aliweka kiganja ukutani, akazunguka nyuma ya nyumba, kisha akaniita.

"Boss, hii rangi haina makosa. Ukuta inakunywa maji. Cheki hiyo tangi."

Tangi lile la maji nilimnunulia baba kwa mshahara wangu wa kwanza wa shamba la maua, nikalisimamisha pale nyuma ya ukuta huo mwenyewe na kupiga picha nalo. Malengelenge yalianza mvua zilizofuata. Likijaa, maji yalimwagika moja kwa moja kwenye msingi wa nyumba. Chini ya paipu ya maji yanayozidi mtu alikuwa ameweka beseni kuukuu, na kutoka hapo akachimba kamfereji kwa jembe ka kuyapeleka mbali na ukuta, ingawa hakakutosha. Kingo zake zilikuwa zimeota nyasi. Hakakuwa ka jana.

Nilimkuta baba kwenye kiti chake, redio ikiongea.

"Baba, ulijua ni tangi?"

"Nilijua."

"Na mbona hukusema?"

Alipunguza sauti ya redio. "Mtu akikupea zawadi, utaanza kumwonyesha makosa yake?"

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Fundi alikuwa mlangoni, akiuliza kama tunapaka au tunahamisha tangi. Tukahamisha tangi. Ukuta tumeuacha wazi ukauke, na Krismasi utakuwa bado una mabaka. Wageni ni wale wale. Nitawaeleza habari za tangi langu kabla chapati hazijaletwa.