Mzee Andrea Apima Kijipu

Beatrice ndiye aliyeileta habari bombani, na Beatrice akileta habari huwa ameshaipika, ameionja na kuiongeza chumvi. Alisema Mzee Andrea anachukua gari. Si baiskeli, gari. Kijipu kikuukuu cha milango miwili, kutoka kwa mtu wa Kasumulu. Na mzee wa miaka sabini na moja hanunui gari hivi hivi. Kuna mjane kule mpakani, anauza maandazi, ana mwanya. Beatrice hakuwahi kumwona huyo mjane, lakini mwanya aliueleza vizuri sana.

Atupele alijaza ndoo yake akanyamaza. Mzee Andrea ni baba mkwe wake, na mkamwana wa Kinyakyusa aliyelelewa vizuri hamtaji mkwe wake kwa jina, hata kwa kumtetea. Kwa hiyo uongo juu ya mzee ukawa unatembea Makwale nzima kifua mbele, maana aliyeujua ukweli alikuwa amefungwa mdomo na heshima.

Ukweli wenyewe ulikuwa mguuni mwa mtoto. Jubilate, binti wa Atupele, alizaliwa na mguu wa kulia umejikunja kwa ndani. Daktari kule mjini Kyela alisema utanyooka, bora kila Alhamisi aletwe, plasta ya zamani ikatwe, mguu usogezwe kidogo, afungwe mpya. Wiki saba, basi. Ila plasta isiguse maji. Maneno hayo aliyasema mwezi wa nne, Kyela, wakati ambapo hata bata anatafuta pa kujikinga.

Wiki ya tatu walikwenda kwa bodaboda, mtoto kaviringishwa nailoni na kanga tatu. Mvua iliwashika njiani, na walipofika, mguuni hakukuwa na plasta, kulikuwa na uji. Nesi alimtazama Atupele kama vile amemwogesha mtoto kwa makusudi. Wakaanza upya. Ikaloa tena. Daktari akasema mchezo huo ukiendelea, mguu utakomaa ulivyo, na hapo ni kisu. Nelson, baba wa mtoto, alikuwa Chunya akichimba dhahabu, dhahabu ambayo mwaka wa pili huu ilikuwa bado haijajua kama inachimbwa. Alituma salamu.

Mzee Andrea aliposimuliwa na mkewe, Mama Angetile, alimaliza wali wake kwanza. Kisha akasema, "Nataka kitu chenye paa." Mwezi uliofuata kakao yote ya mwaka ikauzwa.

Mzee huyo katika ujana wake aliendesha trekta la shamba la mpunga, na leseni yake bado ilikuwa kwenye mkebe, pamoja na cheti cha ubatizo. Baada ya hapo ikawa kakao na baiskeli, miaka arobaini. Wauzaji wa kakao walimwogopa kwa pua yake. Ukimletea mbegu zilizochachushwa siku nne, ukamdanganya kuwa ni sita, alikuwa ananusa mara moja, anakurudishia gunia lako na kukuuliza hali ya watoto.

Miaka minne Atupele alikuwa ameolewa pale, na mzee hakuwahi kumtazama usoni. Wakikutana uani, yeye anainamisha kichwa na kupisha, mzee anageukia mgomba na kuukagua kwa makini. Migomba ya uani kwao ilikuwa imekaguliwa kuliko shule yoyote ya wilaya. Mchungaji aliwahi kusema siku hizi si lazima tena. Mzee akajibu kwamba mchungaji bado hana mkamwana. Akiwa na neno, alilipitisha kwa mtoto. "Jubilate, mwambie mama yako mboga imezidi chumvi." Jubilate, mwenye miezi minne, alinyonya kidole, na kesho yake chumvi ikapungua.

Hivi karibuni tu, Atupele alikuwa ameona jambo. Akipita na ndala, mzee aligeuka mapema. Akipita peku, kwa ajili ya matope, hakugeuka kabisa. Siku moja nusura wagongane kwenye kichanja cha kakao. Atupele alifikiri mila imeanza kulegea, akaona ni jambo jema.

Alhamisi Aliko alileta kijipu. Aliko wa Kasumulu huuza magari ya watu wengine, na kila gari lake limetoka kwa mwalimu wa kike aliyekuwa akienda nalo kanisani tu. Ukiyahesabu, utaona mpakani kuna walimu wa kike wengi kuliko wanafunzi. Majirani walijaa kutoa ushauri wa kitaalamu, watu ambao wote kwa jumla walimiliki mikokoteni miwili. Mmoja alisema kifupi hivyo kitapinduka kwenye kona. Mwingine, kitakunywa mafuta kama mlevi. Wa tatu alipiga teke tairi, akatikisa kichwa kwa huzuni, na hakueleza zaidi.

Mzee Andrea aliwaacha wamalize. Kisha alianza kulizunguka gari polepole, mkono bodini, akigonga kwa kifundo cha kidole, kichwa kakiinamisha kama anayesikiliza mbegu zikikauka. Ko, ko, ko. Chini ya mlango wa kushoto, sauti ikabadilika, ikawa bubu.

"Hapa amefungwa plasta," alisema mzee. "Alivunjika lini?"

Aliko alicheka, akakiri palikuwa na kutu kidogo, fundi alipaziba. Mzee akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa. Akasema oili ni mpya mno, imewekwa leo asubuhi, aletewe ile ya jana. Akaingia, akavuta wenzo wa kuunganisha magurudumu yote manne, akaurudisha, akavuta tena, mpaka alipousikia unakaa. Akamtaka Aliko amwage ndoo nzima ya maji juu ya paa na milangoni, na yeye akakaa ndani akipapasa kila mpira wa mlango kwa vidole. Pakavu. Kuhusu kadi ya gari, alisema, "Soma wewe, mimi nasikia." Aliko akasoma kwa adabu, akidhani anapimwa uaminifu. Hata yule wa tairi aliona ni ukaguzi wa mtu anayejua.

"Gari halijaribiwi tupu," mzee akahukumu. "Litajaribiwa kwa mzigo wake, kwenye barabara yake." Mzigo wake ulikuwa Jubilate, na leo ilikuwa siku ya plasta.

Hapo ndipo kila mtu alipogundua kwamba kijipu cha milango miwili hakikutengenezwa na Mnyakyusa. Nyuma unaingia kwa kukunja kiti cha mbele na kupita ubavuni kwa aliyekaa, na ukishakaa, magoti yako yako mgongoni mwa mwenzako. Mama Angetile alitatua: akatangulia nyuma, akamvuta Atupele na mtoto, kisha akachomeka kanga katikati, kutoka mshikio huu hadi ule, kama pazia la bafuni. Aliko akasema hajawahi kuuza gari lenye vyumba viwili.

Aliko aliendesha mpaka kwenye dimbwi kubwa. Kijipu kikajikokota, kikaguna, kikatoka ng'ambo, na mguu wa Jubilate mkavu kabisa chini ya shavu la mama yake. Atupele alihisi machozi yanakuja, akayazuia, maana gari lilikuwa bado si lao.

Ng'ambo mzee akataka usukani. Barabara pale imenyooka, na jua lilikuwa limetoka kidogo, kwa hiyo watu walikuwa wametandaza mpunga kwenye maturubai pembezoni, kama kawaida, yaani pembezoni hadi katikati. Mzee aliendesha vizuri. Gia zilimtii, injini ilimpenda. Kanga ilikuwa imelegea upande mmoja, na kwenye upenyo huo Atupele aliona turubai la buluu mbele, kubwa kama uwanja wa netiboli. Akaona mguu wa baba mkwe wake umetulia pale pale kwenye pedali ya mafuta. Turubai likaja. Mguu haukusogea. Wakapita katikati ya mpunga, tairi nne zote, na mwenye mpunga akatoka nyuma ya nyumba na ufagio mkononi na ukoo mzima wa mzee mdomoni.

Aliko alivuta breki ya mkono. Gari likasimama.

"Breki hazishiki," alisema Mzee Andrea. Sauti yake ilikuwa kavu. "Gari bovu hili. Lirudishe kwenu."

Aliko aliapa kwa mama yake mzazi kwamba breki zimebadilishwa juzi. Mzee akasema basi na za mama yake hazishiki. Mama Angetile akashuka, akamwomba radhi mwenye mpunga, akaanza kuzoa naye. Aliporudi alisema kwa uchovu kwamba ndivyo Mungu alivyopanga, Alhamisi ijayo watatafuta bodaboda mwenye mwavuli.

Atupele aliutazama mguu ulio mapajani mwake. Akisema, atamwaibisha mkwe mbele ya mtu wa Kasumulu, na Beatrice atapata chakula cha mwaka mzima. Asiposema, ni uji mweupe tena, halafu kisu. Na mzee akibadili mawazo akalinunua, ni yeye atakayeshika usukani kila siku, mtoto nyuma yake. Aliinama sikioni mwa binti yake, lakini hakunong'ona.

"Jubilate, mwambie babu yako, breki hazikukanyagwa."

Mama Angetile alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kama anayemhesabu upya.

"Mtoto huyu," mzee akasema hatimaye, "ameanza kusema mapema." Akashuka, akipapasa mlango, akampisha Aliko.

Hospitalini nesi aliigonga plasta, akaigonga tena, akauliza kama ni yule yule mama wa uji. Mguu ulisogezwa, Jubilate akapiga kelele za haki yake, akafungwa mpya. Mama Angetile akabaki kwenye foleni ya dawa. Aliko akaenda kunywa chai, akiwa na uso wa mtu aliyepoteza mteja na bado anaulizwa habari za safari.

Atupele alisimama kivulini mwa kijipu, upande wa kushoto, mtoto begani. Upande wa kulia alisikia mtu akikohoa. Walikuwa wawili tu, na paa katikati yao. Akainamisha kichwa, akitafuta pa kuondokea.

"Usiondoke," mzee alisema. Hakumwita Jubilate. "Ni ukungu machoni. Tangu mavuno ya mwaka juzi. Mimi nilijua nitaficha, na nimeficha vizuri, maana mtu asiyekutazama kwa ajili ya heshima, nani atamuuliza kama anakuona? Haya macho nitayaleta hapa hapa, wakishamaliza na mguu."

Mkono wa Atupele ulikuwa juu ya bodi, yenye joto la jua, na alihisi vidole vya mzee vikigonga taratibu upande wa pili, ko, ko.

"Gari ni zima. Pua haijaniongopea. Lina kutu mlango mmoja, oili nitabadili mwenyewe. Lakini sitalichukua likae uani kuku watagie." Akagonga tena bodi. "Aliko anasema hapa mjini kuna shule ya udereva, miezi miwili. Hawaulizi sekondari, wanauliza kama unajua kusoma vibao. Wewe unasoma."

"Mimi, baba?" Lilikuwa neno lake la kwanza kwake katika miaka minne, na lilitoka dogo.

"Nani mwingine? Aliyeuona mpunga ni wewe. Miezi hiyo miwili nitamlipa Aliko atuzungushe, aache kusingizia walimu. Ukihitimu, endesha wewe, na mimi nitakaa nyuma nimpakate mtoto. Nakuomba hivyo, mwanangu. Ila kile kioo kilicho juu ya dereva, kigeuze kitazame paa. Tusije tukaonana."