Masaa Mbili ya Kufika Kinshasa

Ilikuwa mwaka ule unga ya mahindi ilikosa, na Lubumbashi muzima tukakula bukari ya mihogo mpaka watoto wakalia wakiona sufuria. Njo wakati mutoto yangu Floribert, mukubwa wa ofisi kule Kinshasa, alitelefona:

"Mama, tuuzishe ile nyumba ya Katuba. Kuya ukae kwetu. Iko karibu, ndege ni masaa mbili tu."

Nikamujibu: "Nyumba siuzishi. Kama iko karibu, kuya weye."

Ile nyumba, pale Lubumbashi mutaa wa Katuba, bwana yangu aliijenga na mushahara wa reli. Siku tulimuzika, Floribert hakufika. Alituma picha ya maua kwa telefone.

Lakini kulikuwa mujukuu mupya, sijamubeba bado. Nikaenda juu ya yule mutoto.

Asubuhi, kwa uwanja wa ndege, nilivaa kikwembe kipya. Nilibeba samaki ya kukausha ya Kasenga na finkubala, bile bidudu bitamu bya pori. Kijana wa mizani akafunga pua.

"Mama, hii inanuka."

"Na weye unanuka njaa. Pima!"

Mangaribi njo tulipanda. Kule kukaa kwa kiti siku muzima, hakuna muntu anaihesabu ndani ya masaa mbili.

Juu ya mawingu, mwalimu mumoja pembeni yangu alisema njia iko kilometre elfu moja na nusu na kitu. Bwana yangu aliimaliza kwa train mpaka Ilebo, kisha kwa mashua ya mto, kwa majuma, juu Floribert alikuwa mugonjwa kule université. Alimukuta amepona, anacheza mupira.

Kinshasa, Floribert alinipokea na kicheko. "Mama, rudisha saa yako nyuma. Huku tuko nyuma saa moja. Ukiangalia saa, umesafiri saa moja tu!"

"Kumbe iko karibu zaidi. Na kwa matanga ya baba yako hukufika."

Akaanza kutafuta funguo ya gari, nayo iko mukononi mwake. Saa yangu sikuigusa.

Kwa nyumba yake, mujukuu alikuwa muzuri, na miguu ya babu yake kabisa. Bandugu zake bakubwa baliniita Koko. Nikawaambia kwetu mama ya baba banamuita kambo, koko ni Lingala ya huko kwao.

Siku ya tatu, saa ya chakula, akaingia bwana mumoja na kravati. Alikula finkubala yangu yote. Floribert akasema: "Mama, huyu njo anataka kununua nyumba."

"Muzuri. Aende kuiona. Ni masaa mbili."

Yule bwana akapangusa mudomo. "Lubumbashi? Aaa, mama, kule ni mbali sana! Banitumie picha tu."

Bibi ya Floribert, mama ya yule mutoto, akacheka mpaka akatoka inje. Floribert mwenyewe aliangalia sahani.

Siku ya kurudi nilimubusu mutoto miguu. Ukiangalia saa ya ukuta, kurudi kunaomba masaa tatu. Labda njo maana watoto banashindwa kurudi. Miye nimejifunza hii: ile njia iko fupi kwa mama, na ndefu kwa mutoto.

Sijafungua hata mizigo, telefone ikalia.

"Mama, umefika? Fikiri tena juu ya ile nyumba. Ni masaa mbili tu."

"Nyumba siuzishi. Kama iko karibu, kuya weye."